Panya wa Miguu Miwili

Chekeni tu, nimeshazoea. Tangu sikukuu ya mavuno ya mwaka jana mimi sipiti mbele ya kanisa letu hapa Tunduma bila kuinamisha kichwa, na hasira niliyonayo sijui niimalizie kwa nani, maana panya wenyewe tuliwaua siku ileile na waliobaki ni mimi na mdomo wangu.

Nilikuwa naishi na wifi yangu Tusekile, mdogo wa mume wangu, aliyetoka kwao Ikinga kuja kunisaidia nilipojifungua (na alinisaidia kweli, mtoto wangu alikuwa ananyamaza upesi zaidi mgongoni kwake kuliko kwangu). Sasa sisi kinamama wa kanisa tukanunua vitenge vya sare kwa ajili ya mavuno, vya zambarau vyenye maua ya njano, na mimi siku nataka kupeleka changu kwa fundi, hakipo! Nikapekua kabati, nikapekua chini ya kitanda, nikapekua hadi begi la Tusekile alipokwenda kuchota maji, hakipo. Basi nikaamua kakiuza, kwani nani mwingine? Na sikukaa nalo moyoni, nikawaambia kinamama wote, mmoja mmoja, na kila mmoja nikamwomba asimwambie mtu.

Wiki hiyohiyo panya walikuwa wamenichosha. Walikula sabuni, wakala ndala za mume wangu, na Jumamosi nilipokwenda stoo kuandaa gunia la mahindi la kutoa kanisani nikakuta wametoboa tundu kwenye kona ya chini. Mtu mwenye akili zake angeyamwaga mahindi kwenye turubai akayapepeta, lakini kumwaga gunia kunataka watu wawili, na mimi na wifi tulikuwa hatusemeshani (yaani mimi ndiye nilikuwa simsemeshi). Nikachukua shazia, sindano ya magunia, nikaliziba lile tundu, nikashona na mdomo kabisa. Tusekile akaja akasimama mlangoni na mtoto wangu mgongoni.

"Wifi, humo ndani kuna kitu kinachakura. Tulimwage, nitakusaidia."

"Panya wa nyumba hii ana miguu miwili," nikamwambia, "na kasimama mlangoni."

Akageuka akaenda zake jikoni. Angenijibu ningefurahi, nilikuwa nimeshajifunga kibwebwe.

Jumapili kinamama wote wamependeza na sare zao, mimi peke yangu nina gauni la bluu, na kila aliyeniangalia nilimwonyesha kwa jicho kule nyuma alikokaa Tusekile. Ibada ikaisha, mnada wa mavuno ukaanza mbele ya madhabahu. Wakauza kuku, wakauza ndizi, wakafika kwenye gunia langu, watu wakalipandisha bei hadi nikasimama ili nionekane vizuri. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa nafaka akanyoosha mkono.

"Mzee, mimi hata kanisani sinunui mbuzi kwenye gunia. Fungueni tuyaone."

Ningenyamaza, jamani! Lakini nikageuka nyuma nikapaza sauti, "Fungueni tu! Mimi sina cha kuficha, wenye kuficha wanajijua!"

Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akakata uzi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapiga yowe akaliangusha gunia. Mahindi yakamwagika na panya wakatoka nayo, mmoja akapita kati ya miguu ya mchungaji, mwingine akaingia kwa wanakwaya wakapanda juu ya mabenchi, watoto wanashangilia na wazee wanapiga chini kwa fimbo, na mimi nimesimama palepale, bado nimeinua kidevu. Kisha likaja fungu la mwisho kutoka chini ya gunia, kiota, na vitoto vyekundu vya panya vimelala juu ya vipande vya kitenge. Zambarau, maua ya njano.

Kinamama wakatazama kiota, wakatazama nguo zao, wakanitazama mimi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba siku tuliyonunua vile vitenge mtoto alikuwa analia, nikaingia stoo mbiombio kuchota unga, nikakitupa kitenge juu ya magunia. Nilikitupa mwenyewe, kwa mkono wangu huu!

Tusekile akaja mbele, mtoto mgongoni, akainama akaanza kuzoa mahindi.

"Wifi, kitenge chako hicho," akasema.

Kesho yake alikunja nguo zake. Nikamwomba msamaha chumbani, tukiwa wawili, akasema amenisamehe, na akapanda gari akaenda zake. Ndilo linaloniuma mpaka leo, na ninajichukia kwa hilo: kumchafua nilimchafua kwa kanisa zima, msamaha nikauombea chumbani nimefunga mlango.

Baada ya wiki mbili dereva wa Noah inayotoka Itumba akaniletea kikapu. Ndani kuna paka.

"Wifi yako wa Ikinga anakusalimia. Kasema huyu atakukamatia wa miguu minne, wa miguu miwili umeshamfukuza."

Nimeapa, nikipoteza kitu tena nitahamisha magunia yote kabla sijafungua mdomo. Paka anakamata vizuri sana. Mtoto ndiye hanyamazi.