Yule Mtu wa Nyuma Kwenye Picha ya Koboko

Jamani, leo nimemfuta baba yangu.

Nilikuwa nasafisha kwenye simu picha ya zamani ya mama, ya safari ya Koboko miaka ya tisini, kabla hajaolewa.

Amesimama sokoni na mjomba, kaka yake. Nyuma kuna mtu ametoa macho, anaharibu picha.

Nikamfuta. Nikaongeza mwanga. Ikang'aa! Nikaituma kwenye kundi la familia kwa maringo.

Mama akapiga simu kutoka Awindiri: "We mtoto, ule mutu umefuta iko baba yako! Mahari ilikuwa bado. Angesimama karibu na mimi namna gani?"

Baba naye akaandika kundini: "Siku ile mjomba wako alinifukuza kwenye picha, nikaingilia nyuma. Leo umemalizia kazi yake."

Anayejua anisaidie: mzee aliyefutwa anarudishwaje?

Safari hii nitamweka karibu na mama.