Mstari Mwekundu wa Injinia

Mtaa mzima unamwita Injinia, na yeye ni fundi wa lifti. Jina alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, msimu ule alipokuwa akitafuta chuo cha uhandisi ng'ambo. Watu wakampa mapema, kama kumshonea mtu sare ya kazi ambayo bado hajaipata. Kazi haikuja, sare ikabaki, na mwaka wa ishirini na sita huu anaivaa.

Akiulizwa kwa nini hakwenda, hujibu neno moja: "Walinikataa." Halafu huuliza habari za watoto. Ni jibu lenye heshima zake. Aliyekataliwa na chuo kikubwa cha mbali ni mtu aliyefika mpaka mlangoni.

Ukweli ni kwamba chuo kile hakuwahi kukiomba.

Mtihani wa kuombea vyuo vya nje ulikuwa na sehemu mbili, hesabu na ufahamu wa kusoma, kila moja kwa mia. Hesabu alipata tisini na nane. Kusoma, hamsini na mbili. Sasa shuleni kwao kulikuwa na njia moja tu ya kumpima binadamu: jumlisha, gawanya, hapo ndipo ulipo. Akajumlisha, akagawanya, akajikuta yuko sabini na tano. Akaazima kile kitabu cha vyuo, kinene kama tofali, akakaa nacho na rula na kalamu nyekundu. Chuo chochote kilichoandika alama ya zaidi ya sabini na tano alikipiga mstari. Kile alichokitaka, chenye maabara ya mashine za kupandisha watu na mizigo, ambacho hata usingizini angekitaja, kilikuwa na themanini na moja. Hicho alikipiga mistari miwili, asije akashawishika.

Vilibaki vyuo vinne. Vyote vilimkubali kwa haraka ya kutia shaka, bila ufadhili hata wa nauli. Akajifunza ufundi hapo hapo nyumbani, na leo hakuna ghorofa mjini ambalo hajatambaa juu ya paa lake na kopo la grisi mkononi.

Jumamosi moja mchana dada yake alimwita. Binti yake naye alikuwa amefanya mtihani ule ule, na mwisho wa kutuma maombi ilikuwa saa kumi na mbili jioni ya siku ile. Injinia alifika saa tisa, ovaroli bado mwilini. Mpwa wake alikuwa kwenye meza ya kulia chakula, kompyuta mbele, penseli nyweleni.

"Umepata ngapi, mama?"

"Usinicheke, Mjomba. Hesabu tisini na sita. Kusoma hamsini na nane."

Injinia hakucheka.

Binti alimgeuzia kompyuta. Vyuo vitano, na cha kwanza kilikuwa kile kile, maabara na yote, ila jengo sasa lina vioo.

Dada yake akachungulia kutoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani. "Hicho kitoe. Kilimkataa mjomba wako, na enzi zake alikuwa moto wa kuotea mbali. Usijitafutie aibu."

"Kwani walikukataa na ngapi?"

"Sabini na tano," alisema Injinia.

"Sabini na tano ya nini? Hesabu?"

"Hesabu tisini na nane. Ya kusoma ikanivuta."

Binti alikunja uso, akasogeza ukurasa chini, akasoma kwa sauti: "'Waombaji wa uhandisi kutoka nchi nyingine hupimwa kwa alama ya hesabu pekee. Alama za sehemu mbili hazichanganywi.'"

"Hiyo itakuwa mpya," Injinia akasema.

"'Utaratibu huu haujabadilika tangu chuo kifunguliwe.'"

Injinia akalikumbuka lile fungu la maneno kwenye kile kitabu kinene. Lilikuwa chini ya picha, kwa herufi ndogo, mistari minne au mitano. Alikuwa ameliona. Hakulisoma, kwa sababu namba ilikuwa juu na namba ndiyo iliyokuwa lugha yake. Kwa muda mrefu alikuwa akiinung'unikia ile hamsini na mbili, akisema mtihani ulimwonea. Mtihani haukumwonea hata chembe.

"Basi nikitoe," binti alisema, mkono tayari. "Kama walikukataa wewe na tisini na nane, mimi na tisini na sita nitawaambia nini?"

Mtu angeweza kunyamaza hapo. Heshima ya miaka ishirini na sita ingebaki nzima, na ingegharimu chuo kimoja tu, tena si chake.

"Usitoe. Hawakunikataa. Sikuomba."

Jikoni maji yalifungwa.

"Nilichukua wastani, nikajikata mwenyewe," aliendelea, akiitazama meza. "Na wastani... Sikiliza. Lifti ikisimama vidole viwili juu ya sakafu huku, na kule ikasimama vidole viwili chini, kwa wastani iko sawasawa. Na watu wanajikwaa kote kote. Kila siku ndiyo kazi yangu hiyo, na sikuwahi kuliwaza."

Dada yake alitokea mlangoni.

"Kaka, miaka yote hii nakichukia chuo cha watu bure?"

"Bure, dada."

"Hata walipotokea kwenye habari nilizima televisheni."

"Najua. Nilikuwepo."

Hakuna aliyecheka vizuri. Binti alikiacha chuo mahali pake, akashika kitufe cha kutuma. Injinia akamzuia mkono.

"Bado. Soma kwanza mpaka chini kabisa."

"Imebaki sentensi moja tu, Mjomba."

"Hiyo hiyo."

"'Mwenye shaka atuandikie. Tunajibu kila barua.'"

Injinia alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia habari za jamaa wa mbali.

"Haya," alisema. "Tuma."