Goti Lenye Ganzi

Juzi nilipasuliwa goti hospitalini Korogwe. Walinichoma sindano ya ganzi nisisikie maumivu, na kweli, mguu ukawa kama si wangu. Ukutani palikuwa na tangazo. Mimi niliyejua kusoma uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima pale Chanika, siachi maandishi yapite. Nikasoma kwa sauti, wodi nzima isikie: “Mgonjwa mwenye ganzi asishuke kitandani mpaka aruhusiwe.”

Mzee wa kitanda cha jirani, asiyejua hata herufi moja, akaitikia, “Ahsante, mwalimu.”

Mwalimu! Kichwa kikavimba. Na kwa kuwa goti haliumi, nikajiona nimepona. Nikashuka nikamsomee na tangazo la mlangoni. Mguu ukanikatalia, nikaanguka puu.

“Mwalimu, si umetusomea sasa hivi?”

“Nilikuwa nawasomea ninyi,” nikamjibu kutoka sakafuni.

Muuguzi akaja mbio, akafungua bandeji. Nikafumba macho, nikijua goti limekwisha. Kumbe nyuzi zimeshika. Akanirudisha kitandani, kisha akamgeukia jirani yangu.

“Mzee, wewe ndiye uliyeelewa. Nichungie huyu msomaji.”