Hedifoni za Omu Mia Sita

Siku ya kwanza kufanya biashara na Dorothea, mwalimu wa kwaya wa pale Bagara, nilijiona nimemuonea. Halikuwa jambo la kuninyima usingizi. Nauza redio, spika na vikorokoro vya umeme, vingi vya mtumba, hapa Babati mjini, na nilianza na betri nne juu ya gunia. Duka halijengwi kwa kuwahurumia wateja.

Aliingia akaenda moja kwa moja kwenye kapu la vitu vilivyonishinda. Akatoa hedifoni kubwa nyeusi za kizamani, nzito kama pasi. Hizo zilikuwa zimenisumbua mwezi mzima. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja: bidhaa inachomekwa kwenye simu mbele ya mteja, ikilia ni nzima, isipolia vizuri inarudi kapuni. Zile zilinong'ona tu, kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Wateja walizivaa, wakacheka, wakaziacha.

"Shikamoo, Mama Kindness."

"Marahaba, Baba Sabrina. Hizi zinalia?"

"Zinalia kistaarabu, mama."

Akafuta ubavu wa zile hedifoni kwa pindo la khanga, akavaa miwani, akasoma kitu kilichoandikwa pale. Uso haukubadilika hata kidogo.

"Hela sina. Nina mbaazi. Debe moja."

"Debe moja! Mama, unataka watoto wangu wale waya? Leta matatu."

Tukaishia madebe mawili. Yalipofika nikamfungia mzigo wake haraka asije akaghairi, na alipotoka tu nikamwambia Mudy, jirani yangu wa duka la vyombo, "Leo mwalimu wa kwaya nimemuuzia bubu." Tulicheka mpaka Mudy akakaa chini.

Wakati huo sikujua alikuwa na shida gani, ingawa Bagara nzima ilijua. Kwaya yake hujifunza nyimbo kwa nota. Ukileta wimbo uliorekodiwa na kwaya nyingine, Dorothea anakaa nao, anazitenganisha sauti nne moja moja, na kila sauti anaiandikia do-re-mi zake kwenye karatasi. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Mwaka jana mtu akafunga mashine ya kusaga nyuma ya ukuta wa nyumba yake, kelele kutwa, na tangu hapo alikosea sauti ya pili mara mbili. Kina mama wakaimba kosa lake mbele ya kanisa zima. Theodori, mwenyekiti wa kwaya, akasema hadharani: "Mwalimu wetu masikio yamechoka. Tumpe wimbo mmoja wa mwisho. Sauti ya pili ikiharibika tena, nota ataandika mwingine."

Wiki mbili baadaye Dorothea akanitumia ujumbe: kama ninazo nyingine za aina ile ile, nimpelekee.

Nikashtuka. Nani anatafuta bubu wa pili? Nikachukua hedifoni mbili mpya ndogo zinazong'aa, nikaenda kwake mchana ule ule.

Mashine ilikuwa inanguruma, kuta zinatetemeka. Sebuleni palikuwa na amplifaya ya zamani ya nyumbani, spika zimewekwa pembeni, na nyuma yake waya zinashuka mpaka kwenye tundu dogo alilolifunga mwenyewe kwenye kipande cha ubao. Zile hedifoni zangu zimechomekwa pale.

"Vaa," akasema.

Nikavaa. Mashine ikapotea. Wakaja watu masikioni, kwaya iliyorekodiwa. Nilimsikia mwanamke wa sauti ya pili akivuta pumzi kabla ya ubeti, na mzee wa besi akiburuta kiatu. Nimeuza sauti miaka kumi na saba na sikuwahi kusikia kitu kama kile. Nikazivua nikazikodolea macho kama mtu aliyekutana na mbuzi aliyemuuza akiwa mgonjwa, sasa ananyonyesha mapacha.

"Umezitengeneza?"

"Sijagusa kitu. Soma hapo ubavuni."

"Mia sita. Si namba ya kiwandani?"

"Omu hizo, kipimo cha ukinzani wa umeme. Nilitunza maabara ya fizikia ya sekondari miaka kumi na tisa, Baba Sabrina. Ukinzani mkubwa ni kama mlango mzito. Simu yako inausukuma kwa kidole, amplifaya inausukuma kwa bega. Hazikuwa mbovu. Wewe ulizipa simu."

"Ulijua pale pale dukani?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza!"

"Kwani wewe ulinieleza zinavyonong'ona? Ulisema zinalia kistaarabu. Tulikuwa tunapatana bei."

Mtu niliyedhani nimempiga alikuwa amenipiga yeye, polepole, miwani ikiwa puani. Nikaona nisiondoke mikono mitupu. Nikatoa zile ndogo.

"Basi chukua hizi za akiba. Mpya kabisa."

Akasoma boksi. "Omu thelathini na mbili. Hizo usichomeke hapa. Tundu la hedifoni la amplifaya hii lilishakufa. Hilo la ubaoni nimelivuta kwenye matundu ya spika, bila kitu cha kupunguza nguvu. Zile kubwa zinahimili. Hizo zako zitakuumiza. Subiri nizime."

Sasa, mimi nimeishi na wanaokandia mali ili washushe bei. Yeye mwenyewe alikuwa ameshanichezea mara moja. Nikajisemea, ananirudia tena. Aligeuka kufunga dirisha lililokuwa linaingiza vumbi la unga. Nikavaa jozi moja ya zile ndogo, nikachomoa zile kubwa, nikachomeka.

Kwaya nzima ilinipigia kelele ndani ya fuvu. Sikusikia wimbo, nilisikia pigo. Nikaanguka na kigoda, nikazing'oa, zinatoa harufu ya plastiki inayoungua. Dorothea alikuwa amesimama mbele yangu, midomo inakwenda, hakuna neno. Nikatazama kupitia kioo cha dirisha: mkanda wa mashine ya kusaga unazunguka, unga unamwagika, kimya kabisa.

Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya nota: UNANISIKIA?

Nikatikisa kichwa.

Sikio la kulia lilirudi siku ya tatu. La kushoto lilirudi nusu. Daktari aliniambia sauti nyembamba upande huo nisizitegemee tena.

Dorothea alimaliza wimbo wake. Ulipoimbwa, wanasema, kina mama wa sauti ya pili walisimama imara tangu ubeti wa kwanza mpaka mwisho, na Theodori hakusema lolote juu ya masikio ya mtu. Nota bado anaandika yeye. Alikuja kunipa pole, akanikuta nasoma omu za kila hedifoni dukani, akasema, "Afadhali." Hakuomba radhi, na sikuona kosa lake.

Ila kuna kitu ambacho sijamwambia mtu. Bei zangu nilikuwa nazipata kwa sikio. Mume na mke wakinigeuzia mgongo wanong'onezane mwisho wao ni ngapi, mimi nasikia, najua pa kukaza. Juzi wawili kutoka Mutuka walisimama kushotoni kwangu mbele ya spika kubwa. Niliona midomo tu. Wameondoka nayo kwa bei yao.