Miraa ya Dada Yangu

Dada yangu alirudi nyumbani kutoka kwa mumewe Nkubu akiwa na watoto wawili na meno mawili pungufu. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka zetu watatu walimwonyesha jiko la nje alale humo, wakasema mwanamke aliyeolewa hana shamba kwa baba yake.

Katiba mpya, inayompa binti haki ya kurithi, ilikuwa imepita, na dada si mtu wa kunyamaza. Alikwenda kortini Meru. Hakimu akamkatia fungu lake, sawa na la kaka zetu, na ndani yake mkasimama miti ya mbaine, ile miraa ya kale iliyopandwa na babu wa babu yetu. Nilipiga vigelegele nje ya korti mpaka askari akanifukuza.

Kumbe tulishangilia mapema. Kwetu miraa huchumwa na wanaume. Mwanamke akiigusa, wanasema, mti hukauka. Kaka mkubwa alipita kila boma kuwaonya vijana wasimchumie, na hakuna aliyethubutu. Kisha akaja kutucheka mlangoni.

"Korti imekupea shamba," akasema. "Haijakupea wachumaji."

Dada akavaa suruali ya marehemu baba, akapanda mitini mwenyewe. Alichuma vizuri, akafunga vibunda kwa majani ya mgomba, tukavibeba sisi wanawake wawili hadi sokoni. Mnunuzi hata hakuvifungua.

"Mama, hii imeshikwa na wanawake. Nani atakula?"

Miezi ikapita hivyo. Watoto walilala njaa chini ya miti yenye mali. Kaka zetu walisubiri achoke, awaachie.

Asubuhi moja tukasikia panga. Dada alikuwa anaikata miti ya mbaine, mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa kisiki cha miraa huchipua, kila kisiki alikirundikia kuni na kukitia moto. Kaka mkubwa alikuja mbio bila shati, akapiga magoti, akalia kwa sauti.

"Dada, wacha! Tungekuchumia!"

"Lini?" akamuuliza, akaendelea kukata.

Nilifurahi kumwona analia. Nilifurahi sana, na sitaki kuombewa.

Mahindi aliyopanda kwenye majivu yalitoka manjano, mvua ikakatika. Shamba ni lake mpaka leo, hati ina jina lake. Yeye kila kukicha huenda kulima kibarua katika shamba la kaka mkubwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kumwajiri.