Zamu Yangu Kwenye Kipoyi

Je, mtu anaweza kujiita "reliable", mtu wa kutegemewa, mbele ya watu wasiomjua, wakati yupo mmoja anayejua kwamba sivyo alivyo? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima kabla ya mahojiano ya kazi ya ukalimani kule Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi.

Nafasi ilikuwa moja, na tulikuwa tumeitwa wawili kutoka mtaa wetu wa Baraka: mimi na jirani yangu niliyemaliza naye sekondari. Baada ya diploma ya sekondari mimi niliendelea na chuo, yeye akaingia ziwani kuvua ndagala na mjomba wake. Kiingereza chake alikiokota kambini ng'ambo ya ziwa, alikokulia. Changu kilitoka vitabuni. Kila alasiri tulikaa kwenye baraza ya kanisa tukiulizana maswali.

Daftari letu lilikuwa na ukurasa wa maneno ambayo waajiri huyapenda. "Support" halikunisumbua, kumsaidia mtu kila mtu amewahi. "Loyal" nilielewa ni kutomwacha mwenzako hata siku anapokukosea. Lakini "reliable" na "dependable" yalinitisha. Niliona hayo mtu hajipi mwenyewe, hupewa na waliomwegemea wasianguke.

Na tulijua swali litakalokuja: eleza siku ambayo mtu alikutegemea.

"Sema ile ya kipoyi," jirani yangu akaniambia.

"Kipoyi iko yako."

"Iko yetu. Tulikuwa batu munane."

Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekata barabara, nasi tukambeba mama mmoja wa mtaani, uchungu umemshika, kumpeleka hospitali ya Nundu. Alilala kwenye kipoyi, machela ya miti miwili na blanketi. Wanne hubeba, wanne hupumzika, na hutoi bega mpaka anayekufuata aseme, "Nimepokea." Tulipofika kwenye mteremko wenye utelezi nikaanza kuwaza. Mguu wangu ukiteleza, mti utaangukia wapi? Na mama? Na mtoto? Niliwaza hivyo mpaka nikatoa bega bila kusikia neno lolote. Mti ukashuka, mama akapiga kelele. Jirani yangu, ambaye alikuwa ametoka zamu dakika hiyo hiyo, aliruka akaudaka kwa bega. Alibeba zamu yangu na yake mpaka mlangoni mwa hospitali. Mama alijifungua salama. Hakuna aliyenigombeza, nami nimeendelea kungoja kugombezwa.

"Useme ni weye ulidaka," akasema. "We uko na maneno. Mi niko na bega tu, na bega haijui Kingereza."

"Na we utasema nini?"

"Nitasema navua samaki. Tukisema kipoyi bote babili, bataona tunadanganya. Chukua, masta! Ao hadithi niipatie mbuzi ya pasta?"

Alicheka. Mimi niliandika hadithi yake kwa Kiingereza safi, nikaikariri.

Siku ya mahojiano tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi. Alikuwa amevaa koti la mjomba wake, mikono mifupi, linanuka ziwa. Midomo yake ilikuwa ikirudia kimyakimya sentensi za samaki. Nikaitwa wa kwanza.

Mama aliyeongoza mahojiano, akiwa na wenzake, aliuliza maswali mawili mepesi, kisha lile lenyewe. Nikaanza, "Last year," nikaishia hapo. Sentensi iliyofuata ilikuwa tayari kinywani. Nikaona kwamba nikiitamka, yule aliye nje ataingia mikono mitupu, na kwamba mimi ndiye nitakuwa nimemnyang'anya, hata kama alinipa.

"Siku hiyo mtu alinitegemea," nikasema, na Kiingereza changu chote cha vitabu kikaanza kunivunjikia, "na mimi nikaachia."

Nikaeleza mteremko, mti, kelele ya mama. Kalamu zikasimama. Mmoja wao akatazama saa.

"Kwa nini unatuambia haya?" yule kiongozi wa mahojiano akauliza.

"Kwa sababu aliyedaka yuko hapo nje. Atawaambia anavua samaki. Tafadhali, muulizeni kuhusu njia ya Nundu."

Aliandika mstari mmoja, akanishukuru, akanionyesha mlango. Nikatoka, nikarudi kwenye benchi.

"Umesema muzuri?" jirani yangu akauliza.

"Batakuuliza ya kipoyi. Usiseme samaki."

Akanikazia macho. "We mujinga! Umefanya nini?"

"Ingia," nikamwambia. "Bamekwisha kuita jina yako."