Jiwe la Liwa Katika Tangi la Kapiteni

Chanfi wa Mutsamudu, jirani yangu hapa mtaani Magoudjou, alikuwa mtunza samaki wa mamluki. Cheka ukitaka, mwenyewe hakucheka. Kapiteni mmoja wa wale wazungu walioshuka na bunduki mwaka 1978 alikuwa na tangi la kioo sebuleni, limejaa maji ya bahari, na alimwahidi: "Wageni wangu wakija Jumamosi wakawakuta samaki hawa wazima, nitasema neno juu ya ndugu yako." Ndugu huyo, Soidri, alikuwa gerezani kwa karatasi za upinzani alizobandika ukutani. Kule Mutsamudu, kisiwa cha pili, mama yao alikuwa akimtandikia kitanda kila Ijumaa.

Basi kila jiwe la matumbawe aliloleta Chanfi kutoka baharini lilikuja na wageni wake: kaa wadogo kama punje, konokono, mnyoo mrefu mwenye manyoya yanayowasha. Na samaki wakaanza kupungua. Chanfi alimshuku mnyoo, akamtoa kwa kibano. Kesho yake samaki mwingine hayupo, limebaki pezi. Maskini mnyoo wa watu alikuwa akila makombo tu.

Ndipo akasikia kitu kikigonga ndani ya jiwe kubwa: tak, tak. Akainamia kioo. Macho mawili yaliyosimama juu ya vijiti yakamtazama kutoka shimoni, na chini yake mikono imekunjwa kama ya vunjajungu. Alimjua tangu utotoni. Kamba wa aina hii ndiye aliyempasua kidole ufukweni Mutsamudu. Akalitoa jiwe pamoja na mwizi wake, akarudi nyumbani akiimba. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Lakini samaki waliobaki hawakuwa tena na pa kujificha, maana mawe mengine yalikuwa madogo. Walijigonga kwenye kioo kwa hofu. Ilikuwa Ijumaa alasiri, bahari imechafuka, jiwe jingine halipatikani. Mkewe, Djaouharia, akampa lake, lile la matumbawe analosagia msandali wa liwa ya kujipaka usoni, urithi wa bibi yake.

"Lichukue, Baba Anziza. Nimelisugua mpaka vidole vinaniuma. Ni safi."

Safi! Jiwe lililonyweshwa mafuta na marashi miaka yote hiyo! Lakini nani kati yetu angewaza? Kwetu kitu anachopakwa bibi harusi usoni hakiui.

Jumamosi asubuhi samaki wote walielea, matumbo juu. Maji yalikuwa na utando wa mafuta, na sebule nzima inanukia harusi.

Kapiteni alikuja na kikombe chake cha kahawa. Chanfi alingoja matusi, hata kofi. Yule bwana alitazama, akacheka. Akasema wageni wenyewe wameahirisha safari. Chanfi alete samaki wengine wiki ijayo.

"Na ndugu yangu, Kapiteni?"

"Ndugu gani?"

Roho iliniuma aliponisimulia. Jumatatu nikamwona anatoka na ndoo, anakwenda kutafuta samaki wengine. Angefanya nini?